Fremu Yake, Injini Yangu

Jumapili, 2 Machi

Leo nimemeza kiburi na bado kimenikwama kooni. Nimekwenda kwa wifi kumwomba aendeshe skuta siku ya mbio.

Kumwomba! Mimi! Injini ile nimeichonga miaka miwili, tundu kwa tundu, kwa tupa na taa ya kichwani. Lakini fremu ni yake. Kaka alimpa zawadi walipooana, na kadi ya usajili ina jina lake. Fremu yake, injini yangu. Ndiyo mkosi wenyewe.

Ningeendesha mwenyewe kama si kifundo hiki cha mkono. Skuta hizi za zamani gia zake ziko mkono wa kushoto. Unabana klachi, unazungusha mpini mzima: moja, mbili, tatu, nne. Kifundo changu cha kushoto kina vyuma viwili tangu nilipoanguka mwaka juzi. Kinafika gia ya pili, kinagoma. Daktari aliniambia nishukuru. Nishukuru nini?

Wifi ana kilo hamsini na mbili na hajui kuogopa mwendo. Hayo ndiyo mazuri yake, nimemaliza.

Alinisikiliza huku anapaka rangi kucha. Akasema atafikiria. Halafu akauliza kama hiyo injini yangu "ni salama". Kaka akatazama dari.

Jumatatu, 3 Machi

Amekubali. Kwa masharti! Skuta italala kwake. Petroli atajaza yeye. Na nisimpigie kelele mbele za watu.

Wifi ni mwalimu wa udereva. Maisha yake yote amekaa kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya pili, akingoja mtu akosee. Hamwamini mtu hata kama gari limezimwa.

Nimempa chupa ya oili. Injini hizi hazina oili yake peke yake, inachanganywa na petroli humo humo kwenye tangi. Kifuniko kimoja kwa kila lita, nikamwonyesha. Akakitazama kile kifuniko kama nimempa sumu.

"Kimoja tu? Wifi, hata oili unabana?"

Nimenyamaza. Siku kumi na tisa. Nitanyamaza siku kumi na tisa, nife baadaye.

Jumatano, 5 Machi

Nimekutana na Kromu dukani kwa vipuri. Sikulala mchana, sikula, nina hasira hadi kwenye meno.

Miaka saba tulikuwa na gereji moja, mimi na yeye. Tulimwita Kromu kwa sababu kila anachokishika anakipaka kromu, hata kisichoomba. Alipoondoka aliondoka na vielelezo vyangu vya eksosi — makaratasi magumu niliyoyakata kwa mkasi wangu mwenyewe! Sasa anaiuza eksosi hiyo kama kaizaa yeye. Haikumtosha. Anatangaza kwamba mimi ni mikono tu, macho yalikuwa yake. Yaani sijui kusoma plagi, kujua hali ya injini kwa rangi yake. Kwa fundi wa skuta hakuna tusi kubwa kuliko hilo, afadhali angenitukania mama.

Leo ananiuliza mbele ya muuza duka: "Umeshapata wa kukusomea plagi?"

Watu wakacheka. Nikalipia gaskiti, nikatoka nimenyoosha shingo. Ikabidi nirudi, maana gaskiti niliisahau juu ya kaunta. Wakacheka tena.

Tarehe 22, uwanja wa ndege wa zamani. Kilomita moja iliyonyooka, kila skuta mara moja, hakuna kurudia. Rekodi anayo Kromu, kwa eksosi yangu. Ngoja.

Jumamosi, 8 Machi

Jaribio la kwanza, barabara ya nyuma ya maghala. Wifi kachelewa dakika arobaini. Kaja na helmeti mpya ya maua. Maua!

Nikamweleza polepole. Gia ya nne, vuta mafuta mpaka mwisho. Ukifika ghala la mwisho, bana klachi na uzime injini hapo hapo, usiiache ipumue. Hapo plagi inabaki na rangi yake ya kweli. Ikiwa nyeusi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, petroli haitoshi na joto linaila pistoni. Ikiwa kahawia kama biskuti, umefika.

Akasema yeye anafundisha watu kuendesha, hadithi hazihitaji.

Lakini alivyopita! Sauti ile — vinyweleo vilinisimama. Inaniuma kuliandika hili: anakaa vizuri. Kichwa chini nyuma ya taa, viwiko ndani, hatikisiki. Kaka alipiga makofi kama mtoto. Mimi nilijikaza.

Plagi: nyeusi. Basi jeti ni kubwa, kile kitundu cha shaba ndani ya kabureta kinachopima petroli. Niliweka namba 130. Hesabu zangu zote zilisema 130 ni sawasawa. Lakini plagi haidanganyi. Nitaweka ndogo.

Jumanne, 11 Machi

Jeti 127. Bado nyeusi. Na moshi! Nikamuuliza wifi kama huwa anaiwasha na kuiacha inanguruma barazani ili majirani waione. Akajibu barabara — eti skuta ni yake, baraza ni lake, na majirani ni wake.

Nimenyamaza. Nimenyamaza kwa sauti kubwa, anasema Kaka.

Alhamisi, 13 Machi

Jeti 124. Nyeusi.

Nimekaa gereji na plagi tatu mezani, nazigeuza geuza chini ya taa. Nimefuta miwani mara kumi. Kromu yumo kichwani anacheka. *Umeshapata wa kukusomea?* Haiwezekani. Nasoma plagi tangu nina miaka kumi na tisa. Macho yangu ni mazima.

Kaka kapita kunisalimia. Nikamwambia mkeo ana kisirani na skuta imeambukizwa. Akasema na mimi nina haki yangu na yeye ana haki yake. Kaka yangu ni fundi wa friji na moyo wake nao uko kwenye barafu. Hajawahi kugombana na mtu, ndiyo maana tunagombana sisi kwa niaba yake.

Jumapili, 16 Machi

Tumegombana. Vizuri kabisa, mpaka mlinzi wa maghala katoka kutazama.

Jeti 121, plagi nyeusi, ila weusi umepungua. Naona mwanga. Hapo wifi anavua helmeti ya maua na kusema injini inagonga. Gia ya nne, mafuta yote, anasikia tak-tak-tak chini ya kiti. Eti haipendi sauti ile.

Nikamwambia kugonga ni dalili ya njaa ya petroli, na plagi nyeusi haiwezi kuwa na njaa. Hata anayejifunza leo analijua hilo.

"Mimi nakwambia ninachokisikia."

"Una masikio ya gari la mafunzo! Humo kila kitu kinagonga."

Mungu anisamehe, watu walikuwepo. Akaniita mkaidi, akasema ndiyo maana Kromu alinikimbia. Nikamwita dereva wa breki. Akasema nisimvunjie heshima, yeye ni mke wa kaka yangu mkubwa. Nikasema kaka ni wangu, nilimjua kabla yake, na kabla hajamwoa alikuwa mtu mzima mwenye akili. Kaka mwenyewe alikuwa anakagua matairi. Matairi hayana shida yoyote!

Jioni Mama kapiga simu. Kashasikia. Kasema mawifi wana ugomvi wao tangu dunia iumbwe, lakini mimi nimeupeleka barabarani.

Jumatatu, 17 Machi

Sitaki tena. Nimemtafuta Kamba. Ni fundi bomba, mwembamba kama jina lake, aliwahi kushika nafasi ya tatu. Nikamwambia wifi kapata dharura, anaweza kunisaidia tarehe 22? Akasema ataangalia.

Liwalo na liwe.

Jumanne, 18 Machi

Likawa.

Kamba hana kifua. Kabla ya saa sita mchana wifi alikuwa mlangoni pa gereji, bado kavaa fulana ya kazini yenye maandishi MWALIMU mgongoni. Hakupiga kelele. Heri angepiga kelele. Aliuliza dharura yake ni ipi, aijue na yeye.

Nikasema ulimi uliteleza. Akasema ulimi wangu hauna breki, bahati mbaya huko yeye hafundishi.

Kisha akaniambia kuanzia leo nikimwambia kumekucha atachungulia dirishani kwanza. Ametia kufuli kwenye kava la injini, la shaba, jipya. Nitaigusa akiwepo yeye tu.

Kufuli! Kwenye injini yangu!

Alhamisi, 20 Machi

KAHAWIA!

Jeti 118. Nimeibadilisha huku wifi kasimama nyuma yangu, mikono kifuani, ananisimamia kama mtahiniwa. Akaenda, akapita kama risasi, akazima. Nikafungua plagi. Kahawia ya biskuti! Pande zote! Nikatokwa na machozi kidogo. Nikasema ni mvuke wa petroli.

Wifi kasema bado inagonga. Safari hii kwa nguvu zaidi.

Nikamwambia ni wivu. Mtu anaweza kuionea wivu injini, nimeliona leo. Akafunga kufuli lake, akaenda zake.

Macho yangu, Kromu! Haya hapa!

Ijumaa, 21 Machi

Kromu kapiga simu kunitakia kheri. Mnafiki mkubwa. Kauliza natumia jeti gani. Nikamwambia njoo kesho uisome mgongoni kwa skuta yangu ikikuacha.

Nimefua ovaroli. Nimelinyoosha pasi. Sijawahi kunyoosha ovaroli maishani.

Jumamosi, 22 Machi

Saa mbili asubuhi. Uwanjani. Baridi na ukungu kidogo, hewa nzito. Skuta ishirini na mbili. Wifi kanisalimia kwa kidevu. Ukaguzi tumepita. Mkaguzi kafunga kabureta na tangi kwa waya na muhuri wa risasi. Muhuri ukikatwa, umetoka mashindanoni. Sisi ni namba kumi na nne. Kromu kavaa miwani inayong'aa, kakaa karibu na meza ya mtangazaji kama bwana harusi.

Saa tatu na nusu. Naandika nimekaa chini.

Kaka kaja na mfuko. Kaniuliza chupa hii aiweke sandukuni kwangu au airudishe nyumbani. Chupa ya oili, imebaki robo. Nikamuuliza oili ya nini. Akasema ile ya kuongezea.

"Kuongezea nini?"

Akaanza kutazama mawinguni. Nikamshika shati. Ndipo akasema. Mkewe huongeza vifuniko viwili zaidi kwa kila lita. Tangu siku ya kwanza. Anaona mimi nabana oili, na yeye ndiye anayekaa juu ya injini. "Si oili nyingi haiui injini?" anauliza Kaka. Na uso wake mzuri ule!

Inaua! Oili ikijaa kwenye petroli inakalia nafasi ya petroli. Kitundu cha jeti ni kile kile, kinachopita ni petroli pungufu, na petroli ndiyo inayoipoza pistoni. Halafu oili ikiungua inaipaka plagi weusi. Weusi wa oili. Siyo wa petroli! Mara nne nimeona weusi, mara nne nimepunguza petroli. Skuta ina njaa, mimi naipokonya sahani. 130 ilikuwa sawa tangu mwanzo, pengine hata ndogo kwa oili ile. Nimeishusha hadi 118; ile kahawia ya juzi ni joto lililounguza weusi. Na asubuhi hii hewa ni nzito, inataka petroli zaidi, siyo pungufu.

Tak-tak-tak. Alisikia. Aliniambia mara mbili. Nikamwambia masikio ya gari la mafunzo.

Majaribio yalikuwa mafupi, nusu kilomita, ndiyo yaliyomwokoa. Leo ni kilomita nzima. Pistoni itavimba, itaikamata silinda. Gurudumu la nyuma litasimama na skuta haitasimama. Kilomita mia na arobaini kwa saa. Yeye na helmeti yake ya maua.

Saa tatu na dakika arobaini. Nimekwenda kwa mkaguzi. Kasema skuta imepita ukaguzi, hana sababu ya kuitoa. Mwenye kadi ndiye anayeweza kuitoa. Mwenye kadi ni wifi. Kisha kwa upole wa kuchukiza kaniambia amesikia tuna maneno nyumbani.

Nikaenda kwa wifi. Yuko kwenye foleni, helmeti kichwani, injini inanguruma polepole. Kukata muhuri siwezi: kabureta iko chini ya kufuli lake, tangi amelikalia. Nikamwambia asiende, injini itakamata.

"Kamba yuko wapi? Umemficha nyuma ya gari lipi?"

Nikasema naapa, Kamba hayupo. Akauliza kwani kuna nini. Nikasema kuna hitilafu.

"Hitilafu ya nani?"

"Ya oili uliyoiongeza kwa siri."

Kweli kabisa! Ni kweli! Kaongeza, hakusema, alidanganya kwenye tangi langu siku kumi na tisa! Akanitazama kwa ndani ya ile helmeti. Akasema, basi mkosaji ni mimi tena. Akashusha kioo.

Kaka kajaribu kumvuta mkono. Mkewe kampiga kibao cha mkono, nusu ya mapenzi.

Saa tatu na dakika hamsini. Wanaondoka kwa haraka kuliko nilivyodhani. Namba tisa. Namba kumi.

Nimerudi kwake. Nimemwambia yote, au karibu yote. Kuhusu nafasi ya petroli, kuhusu weusi wa oili. Kuhusu ile tak-tak, kwamba alisikia vizuri. Kaka shahidi, sauti yangu haikuwa na kelele. Wifi kapandisha kioo. Mara ya kwanza leo nimeona kaogopa. Anayafahamu haya mambo, si mjinga, sijawahi kusema ni mjinga. Nimesema, lakini sikumaanisha.

Akauliza nani aliisoma plagi vibaya.

Nikasema plagi ilisomeka vibaya.

Akacheka. Si cheko la furaha. Akasema wiki tatu nimemwita muoga, mwenye wivu, kiziwi, mbele za watu. Akishuka sasa watu wote hawa watasema wifi kaogopa, fundi alikuwa sahihi. Na kesho mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kusema hivyo. Ananijua. Kwa hiyo hashuki, isipokuwa kwa jambo moja. Akanyoosha kidole kwenye meza ya mtangazaji.

"Nenda kasemee pale. Kwenye spika. Kwamba wewe uliisoma vibaya, na mimi nilikwambia inagonga. Nikisikia, nazima. Nikisikia nusu nusu, naondoka."

Nikamwambia huo ni wazimu, ni uhai wake. Akasema ndiyo, ni wake, na anataka kuona kwangu unafika bei gani.

Mezani. Namba kumi na moja kaondoka. Mtangazaji kakubali, anasema tangazo liwe fupi. Kromu yuko hatua mbili kutoka hapa. Kashusha miwani yake hadi puani aone vizuri. Anajua kuna kitu, ana pua ya mbwa huyu. Nikilisema neno lile hapa, ni lake milele. Ataliandika ukutani gereji kwake. Mikono tu. Macho yalikuwa yangu, atasema. Na safari hii litakuwa limetoka kinywani mwangu.

Kaka kaniita kwa jina langu la utotoni. Hajaniita hivyo miaka mingi. Kasema, mdogo wangu, tafadhali.

Namba kumi na mbili hayupo tena, moshi tu.

Mtangazaji kaninyooshea kipaza sauti. Nimemwambia anipe dakika moja, kuna kitu namalizia kuandika. Ananitazama kama mwendawazimu. Wifi pale kwenye foleni hatazami njia. Ananitazama mimi.

Namba kumi na tatu anapiga kiki. Haijawaka. Apige tena. Haijawaka. Ee Mungu, isiwake, isiwake, nipe —